Kikombe Kimevunjika Chenyewe?

Oktoba 2019 mvua za vuli zilishuka Handeni na Korogwe kwa siku kadhaa bila kupumzika, barabara zikakatika, madaraja yakaenda na maji. Wakati huo nilikuwa natuma habari kwa redio moja. Sikuwa mwajiriwa. Nililipwa kwa habari iliyoruka hewani. Isiporuka, nauli ya bodaboda inabaki kuwa sadaka yako. Kazi ya namna hiyo inakufundisha haraka kwamba huendi kutafuta habari, unakwenda kutafuta mtu. Mtu mmoja mwenye sauti nzuri, anayejua kueleza, na ambaye yamemkuta.

Nikampata. Mama wa makamo, kijiji cha kando ya Mto Pangani, upande wa Korogwe. Mto uliingia ndani kwake usiku, ukachukua magunia manne ya mahindi, ukachukua mbuzi, ukaondoka na ukuta wa nyuma. Alieleza bila kulia, tena kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe sikuwa nao. Nikarekodi, nikaandika maelezo mafupi, nikatuma. Katika maelezo yangu niliandika "mwathirika wa mafuriko". Kule Dar es Salaam mhariri akapunguza, maana taarifa ilikuwa ndefu na muda ni mchache. Habari ikaanza kwa mafuriko, ikaingia kwa mkuu wa wilaya, ikaja kwa madaraja, kisha mwishoni kabisa: "Mmoja wa waathirika katika kijiji hicho amesema..." na jina lake kamili likafuata.

Aliyesikiliza taarifa yote alielewa. Lakini nani anasikiliza taarifa yote? Kwenye mashine ya kusaga, kwenye genge, redio inasikika vipande vipande. Watu walisikia jina, wakasikia "mwathirika". Na kijijini kwetu, kama hukui huko nakuambia, neno hilo likisimama peke yake lina maana moja tu.

Siku tisa baadaye mama yule alinikuta stendi ya Korogwe. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akaniambia, "Mwanangu, umeniuza." Binti yake alikuwa ameshaletewa barua ya posa. Upande wa pili walikuwa wamemtuma mshenga kuuliza, kwa adabu kabisa, kama mama mtu anaumwa na tangu lini.

Nilipiga simu redioni kuomba wasahihishe. Jibu lilikuwa kwamba hakuna cha kusahihisha, neno lile ni sahihi. Na ubaya ni kwamba walikuwa na haki. Lilikuwa sahihi. Tangu hapo nimekuwa nalifikiria, pamoja na ndugu zake wawili, na pamoja na neno moja la Kiingereza lililotuletea shida yote hii: "victim".

Mwandishi wa Kiingereza ana raha. Mtu kagongwa na lori, "victim". Nyumba imeezuliwa na upepo, "victim". Katapeliwa pesa za simu, kabakwa, kaugua, kafukuzwa kwenye ardhi, timu yake imepokwa penati, "victim" tu. Neno linapita kutoka ukurasa wa mahakama hadi ukurasa wa michezo bila kubadilisha viatu. Habari nyingi za kimataifa tunazozisoma kwa Kiswahili zimeanza kwa Kiingereza, kutoka mashirika ya habari, na hata za kwetu wenyewe zinaandikwa na watu waliofundishwa kazi kwa vitabu vya Kiingereza. Kwa hiyo neno hili linagonga mlango kila siku, na mtafsiri hana budi kulifungulia. Anamwita nani?

Magazeti yetu mara nyingi yanamwita "mhanga". Nafikiri sababu moja ni ya kiufundi tu: kichwa cha habari kina nafasi finyu, na "wahanga" ni fupi kuliko "waathirika". Nimewahi kuona herufi tatu zikiamua mambo makubwa kuliko hayo.

Walimu wa Kiswahili hawalipendi. Fungua kamusi: mhanga ni mnyama, yule mwenye masikio marefu kama ya punda na pua kama ya nguruwe, anayechimba vichuguu usiku akitafuta mchwa. Halafu ndiyo inakuja maana ya pili, kujitoa mhanga, kujitoa sadaka, kukubali kufa kwa ajili ya jambo au kwa ajili ya watu. Mhanga anachagua. Askari anayebaki nyuma ili wenzake wavuke mto, huyo kajitoa mhanga. Mama aliyelala na kuamka kitanda kikielea hakujitoa chochote. Kwa nini tumpe sifa ya ushujaa ambayo hakuiomba, na papo hapo tumnyang'anye malalamiko yake? Maana anayejitolea hadai. Ukishamwita mtu mhanga, umeshasema kimyakimya kwamba kulikuwa na lengo.

Tena angalia kitu cha ajabu ambacho nadhani hakipo katika lugha nyingine ninazozijua kidogo. Bomu lilipolipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, Agosti 7, 1998, zaidi ya watu 200 walikufa. Tangu siku zile hadi leo, katika habari za Kiswahili, aliyekuja na bomu ni mshambuliaji wa "kujitoa mhanga", na waliokufa kwa bomu hilo ni "wahanga". Muuaji na aliyeuawa wanagawana neno moja ndani ya aya moja. Na kwa maana ya asili, muuaji ndiye mwenye haki nalo zaidi!

Basi nilikuwa nimeshajiunga na walimu, nimeshaapa kutoandika "wahanga" tena, mpaka nilipokutana na jambo lililonisumbua. Hilo neno "victim" lenyewe linatoka Kilatini, victima, na victima ni mnyama wa kafara. Ng'ombe au kondoo anayepambwa, anayepelekwa madhabahuni, anayechinjwa ili miungu iridhike. Maana ya mtu aliyepatwa na balaa ilikuja baadaye sana. Kwa hiyo yule mtafsiri wa kwanza aliyeandika "mhanga", ambaye sisi tunamcheka, aidha kwa kujua au kwa bahati alishika mzizi wa neno kuliko sisi sote.

Hapo swali linageuka. Kama aliyekufa ni kafara, kafara ya nani? Imetolewa kwa nani?

Ukikaa kwetu swali hilo si la kifalsafa hata kidogo. Barabara kuu kutoka Chalinze inaingia Handeni kwa Mkata na Kabuku, inafika Segera ambako njia ya Tanga inachepuka, kisha inaendelea Korogwe, Mombo, hadi Moshi na Arusha. Usiku malori yanapita na mabasi yanapita, na sisi tuliozaliwa kando yake tunajua mlio wa breki unaoishia vizuri na ule usioishia vizuri. Na kila baada ya ajali kubwa utasikia mtu, tena mtu mzima mwenye akili zake, akisema kwamba barabara inadai damu. Kwamba tajiri fulani mwenye magari ametoa kafara. Kwamba mahali fulani lazima kila mwaka wafe watu. Sasa gazeti likija asubuhi limeandika "wahanga wa ajali", limewapinga hao au limewaunga mkono? Neno la kafara likikutana na imani ya kafara, dereva aliyelala kwenye usukani anatoka katika habari kimyakimya. Barabara ilikuwa na njaa, imekula. Nani atamshtaki barabara?

Usiku wa Februari 3, 2023, pale Magila Gereza, Korogwe, Coaster iligongana na Fuso. Coaster ilikuwa inatoka Dar es Salaam kwenda Rombo, imebeba maiti na ndugu wanaokwenda kuzika. Asubuhi ilitangazwa kwamba wamekufa watu 17, na siku zilizofuata idadi ikapanda. Nilisoma habari hiyo kwa lugha zote mbili. Kwa Kiingereza walikuwa "victims" wote kwa pamoja. Kwa Kiswahili, mwandishi mmoja aliandika kitu rahisi tu, kwamba waliokufa ni wafiwa. Nilisimama hapo hapo. Wafiwa. Kiswahili kina neno la mtu ambaye kufa kwa mwingine kumemfika yeye: hakufa, amefiwa. Watu waliopanda gari wakiwa wafiwa walishushwa wakiwa marehemu, na nyumbani Rombo wakawaacha wafiwa wapya waliokuwa wanasubiri jeneza moja. Na ndani ya gari lile alikuwemo mtu mmoja ambaye hakuna aliyemhesabu katika ajali, kwa sababu yeye alikuwa ameshakufa tayari. Neno moja la jumla lisingeweza kubeba yote hayo. Haya ni maneno ya kawaida kabisa, ya tangazo la msiba la redioni.

Tuna mengi ya namna hiyo. Majeruhi. Manusura. Mlalamikaji. Mjane. Marehemu, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni aliyerehemiwa, kwa hiyo kila tukilitamka ni kama tunamwombea mtu bila kukusudia. Shuhuda, na hili nalo lina hadithi yake. Kwenye ajali, watu wanaokimbilia gari lililopinduka huandikwa "mashuhuda", hata kama hawakuona chochote mpaka walipofika. Mioyoni tunawashuku: wamekuja kuokoa au kuokota? Agosti 10, 2019, miezi miwili kabla ya mafuriko yetu, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya mia. Nakumbuka mabishano vijiweni Korogwe wiki ile nzima, kama watu wale wastahili kuitwa wahanga au wamejitakia. Wapo waliosema kwa sauti kubwa kwamba huruma haiwahusu. Neno liligeuka mtihani: ukiwa umefanya kosa, hata dogo, hata la njaa, hupewi.

Halafu ikaja Segera. Usiku wa Januari 13, 2025, eneo la Chang'ombe, watu walikuwa wamekusanyika kwenye ajali kutoa msaada, lori likawaparamia. Walikufa 11. Kama kuna mahali katika barabara hii yote ambapo "wahanga" lingekuwa neno lenyewe hasa, kwa maana yake ya Kiswahili safi, ni pale: mtu aliyetoka kitandani kwake usiku kwenda kuwavuta watu asiowajua kutoka kwenye vyuma. Lakini neno lilikuwa limeshatumika kwa kila kitu. Limetumika kwa waliotapeliwa, kwa waliokosa umeme. Siku lilipohitajika, halikuwa na thamani iliyobaki.

Narudi kwa "mwathirika", ambalo ndilo kosa langu mimi.

Lina ndugu yake wa karibu sana. Kenya wanapenda kuandika "mwathiriwa": waathiriwa wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, waathiriwa wa ukame. Sisi Tanzania ni waathirika. Watu huona ni suala la mipaka tu, kama wao kusema "gari la moshi" na sisi "treni". Mimi naona ni zaidi ya hapo, na mwalimu wangu wa kwanza katika jambo hili ni mama yangu. Mtoto anakwenda kwake na kipande cha udongo mkononi: "Mama, kikombe kimevunjika." Mama anauliza, "Kimevunjika chenyewe?" Kila aliyelelewa kwa Kiswahili amewahi kuulizwa hivyo. Kimevunjika, na kimevunjwa. Ya kwanza inaeleza hali ya kikombe, haimtaji mtu wala haihitaji mtu. Ya pili, hata usipomtaja, inaacha kiti wazi. Kimevunjwa, basi yupo aliyekivunja.

Mwathirika ni wa vunjika. Mwathiriwa ni wa vunjwa.

Sasa peleka hilo chumba cha habari. Tukiandika "waathirika wa mafuriko" tunasema maji yamekuja, watu wako katika hali fulani, poleni. Lakini kalvati lililoziba kwa miaka halikuziba lenyewe. Kingo za mto zilizolimwa mpaka kwenye maji hazikulimika zenyewe. Ruhusa ya kujenga bondeni ilitoka mahali. Sisemi kila mafuriko yana mkosaji; mvua ya mwaka ule ilikuwa kubwa kweli, ingesomba hata ya wasiokosea. Nasema tu kwamba kiambishi kidogo cha "-ika" kinafunga swali kabla halijaulizwa, na kinafunga kwa sauti ya upole, ya kitaalamu, kiasi kwamba hakuna anayesikia mlango ukifungwa.

Najua mwandishi mwenzangu atanijibu nini, maana nilijijibu hivyo mwenyewe kwa miaka. Mwandishi hajui nani kafanya. Akiandika "-iwa" kabla ya polisi, kabla ya mahakama, anakuwa hakimu, na kesho anaitwa kujieleza. "-ika" ni heshima kwa asichokijua. Jibu hilo lina uzito, silidharau. Kuna siku ambazo kusema tu "kimevunjika" ndio ukweli wote ulio nao mkononi. Shida ni pale tunapojua, na bado tunaandika hivyo kwa sababu mkono umezoea. Dereva amekamatwa, amekiri, amefungwa, na gazeti la mwaka unaofuata bado linakumbuka "waathirika wa ajali".

Kuna habari moja ya Handeni ambayo imenifundisha hili kuliko zote, nayo ilizungumzwa hadi Ulaya. Juni 2022 msafara wa kwanza wa familia kutoka Ngorongoro ulipelekwa Msomera, kata ya Misima. Serikali ilikuwa imejenga nyumba 103 za kuanzia, za vyumba vitatu, pamoja na mashamba, shule na zahanati, na nyingine nyingi zikajengwa baadaye. Katika habari za Kiswahili walikuwa "wananchi waliohama kwa hiari". Katika habari nyingi za Kiingereza kutoka nje, watu hao hao, malori hayo hayo, walikuwa wamefukuzwa, na wakawa "victims". Tazama kitenzi. Kuhama anafanya mwenyewe mhamaji. Kuhamishwa kuna mkono mwingine. Na kuhama ni kitenzi cha mfugaji tangu zamani, amehama kufuata majani na maji maisha yake yote, kwa hiyo kikitumika kwake hakisikiki kigeni hata kidogo, ndiyo maana kinafaa sana. Neno "hiari" nalo lilirudiwa kila siku. Mimi husema, mtu akihama kwa hiari tunasema tu amehama. Hakuna anayeniambia, "Nimekula wali kwa hiari."

Lakini sitaki kukimbilia upande wa pili nako. "Victim" la waandishi wa nje halikunisaidia pia. Ndani ya zile familia walikuwemo watu waliotaka kweli kuondoka, waliochoka kuishi mahali ambapo kulima kumepigwa marufuku na hata kujenga choo kunahitaji kibali. Kuwaita hao "victims" ni kuwanyang'anya uamuzi wao, jambo lile lile tunalowalaumu wengine kulifanya. Na neno hilo, likishakaa kwa Wamasai, halikubakiwa na nafasi kwa mtu mwingine. Msomera haikuwa pori tupu. Walikuwepo watu, wakulima na wafugaji, wenye mashamba na makaburi. Baadhi yao walilalamika kwamba ardhi yao imegawiwa wageni. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Julai 2024 iliyahusisha malalamiko hayo pia. Hawa hawakuhama. Hawakuhamishwa. Walikaa pale pale na ardhi ndiyo iliyoondoka miguuni mwao. Kichwa cha habari kiwaiteje? Hakuna neno lililokuwa tayari, na kwa kuwa hakuna neno, kwa muda mrefu karibu hakukuwa na habari.

Pengine nahukumu sana. Wapo watu wanaolihitaji neno la jumla, na si kwa uvivu. Kamati ya maafa inapogawa unga inahitaji orodha, na orodha inahitaji kichwa. Mwanasheria anahitaji jina moja la kumfaa kila aliyeumizwa ili sheria imfikie kila mmoja. Wanaopambana na ukatili wa kijinsia waliliona tatizo la "mhanga" mapema, wakaanza kusema "manusura", ili mwanamke asikae milele katika hali ya kuanguka. Nalipenda, ingawa nimewahi kukaa na dada mmoja Handeni mjini, Chanika, ambaye aliniambia hajanusurika chochote, bado anaishi nyumba moja na jambo lenyewe.

Na hapo ndipo "mwathirika" linapouma zaidi: halina wakati uliopita. Mtu anaweza kuwa aliyekuwa mwenyekiti, aliyekuwa mume, hakuna aliyekuwa mwathirika. Handeni hii hii kuna makazi ya Chogo. Wapo huko watu wenye asili ya Kizigua ambao mababu zao walichukuliwa kutoka nchi hii karne ya kumi na tisa, wakati wa njaa, wakauzwa pwani ya Somalia. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vikawarudisha kwa bahari, wakipanda ngazi ya meli na Kizigua chao kinywani. Tuliwaandika "wakimbizi". Walikuwa wamekimbilia kwao. Angalau neno hilo lina mlango wa kutokea: wengi walipewa uraia, na siku ya cheti ukimbizi ukaisha. Mwathirika anapewa cheti gani?

Neno hili lilipata doa lake enzi ya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata tulihitaji jina la kumwita mtu mwenye virusi bila kumtukana. Wakati mitaani kulikuwa na majina ya kejeli, "mwathirika" lilikuja kama neno la staha. Nia ilikuwa njema. Lakini staha iliyotumika kwa kunong'ona hugeuka kuwa mnong'ono wenyewe. Wenye virusi walikuja kulikataa, wakataka waitwe watu wanaoishi na VVU, kwa ufupi WAVIU: mtu kwanza, tena anaishi. Ofisini wakabadilisha, kwenye mabango wakabadilisha. Kijijini neno la zamani lilibaki na maana yake, likimsubiri mwandishi mzembe mwenye mahindi yaliyosombwa.

Na hata hivyo, tuseme ukweli, doa hilo si kosa la neno. Kama mama yule angekuwa na virusi kweli, posa ingevunjika kwa haki? Nilipokuwa nahangaika kusafisha jina lake nilipita nyumba kwa nyumba nikisema "hapana, si hivyo, ni mafuriko tu", na katika moja ya nyumba hizo alikuwa ameketi mzee ambaye kila mtu alijua anakwenda kliniki Magunga kila mwezi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Sawa mwanangu, tumeelewa. Yeye ni mzima." Sijapata tena kuona aibu ya namna ile. Kumbe ili kumwondolea mmoja neno, nilikuwa namsukumia mwingine.

Posa haikuvunjika. Mshenga alirudi, mambo yakaenda, na Juni iliyofuata nilialikwa harusini, nikapewa pilau nyingi kuliko niliyostahili. Baada ya kula nilimuuliza mama yule, kama ingekuwa ni yeye anaandika ile habari, angejiitaje? Hakufikiri sana. Akasema yeye ni mtu ambaye mto uliingia ndani kwake. Nikamwambia ni ndefu, redioni wataikata. Akasema basi waikate, lakini isiwe mimi ninayeanza kukata.

Ile habari nimeiandika upya mara kadhaa tangu hapo, si kwa redio, kwa daftari tu. Mwaka jana nilimsomea toleo la mwisho, barazani kwake, ukuta wa nyuma ukiwa wa tofali za kuchoma sasa. Alisikiliza kwa makini, mikono ikichambua maharage. Nilipomaliza alisema kuna kosa moja. Nikashika kalamu.

"Mbuzi," akasema. "Umeandika watano. Walikuwa sita."